Mitetea sita chini ya mwembe

Mwaka juzi nilinunua mitetea wawili, kuku jike wachanga, mnadani, nikawafungua kamba miguuni na kuwaingiza bandani jioni ile ile. Asubuhi nilimkuta mmoja kajibanza nyuma ya debe la maji, utosi umedonolewa mpaka nyama nyekundu inaonekana. Siku ya tatu akafa. Mwenzake alipona, lakini wiki haikuisha kuku wangu wakubwa wakaanza kukoroma, kutoa makamasi yenye harufu kali na kuvimba macho. Mafua yaliingia na wageni wale. Nilizika kuku 4, na mmoja wao alikuwa tetea aliyekuwa ananilelea vifaranga kila msimu. Uchungu wake haujaniisha.

Ninaishi Isevya, Tabora mjini. Uani nina mwembe mmoja mkubwa na banda la miti na bati. Oktoba iliyopita nilikuwa nimebaki na matetea 7 na jogoo, mayai yamepungua, nikaamua kujaribu tena. Safari hii nilichukua mitetea 6 wa miezi minne, wote kutoka banda moja. Sita kwa sababu mgeni akiwa peke yake hupokea vipigo vya kuku wote. Wakiwa wengi vinagawanyika, na wanakuwa na wenzao wa kusimama nao. Miezi minne kwa sababu mwili unakaribia wa mkubwa. Kifaranga wa wiki nane ukimtia kati ya matetea wazima umemtoa kafara.

Niliwaweka stoo, upande wa pili wa nyumba, siku 21. Nililisha wenyeji kwanza, wageni mwisho, na stoo nilikuwa na ndala zake zisizotoka nje ya mlango ule. Niliwapa dawa ya minyoo, nikawapekua chawa chini ya mbawa, nikawachanja dhidi ya ugonjwa wa mdondo, tone moja jichoni. Chupa moja ya chanjo hiyo ni ya kuku wengi, kwa hiyo bibi jirani alileta wa kwake tukachangia gharama. Kila miezi mitatu tunarudia.

Bibi ndiye tuliyebishana naye kuhusu hatua iliyofuata.

"Mwanangu, mfunge kamba mguuni siku tatu, atazoea mji."

"Bibi, mji atauzoea kweli, lakini akifungwa akija wa kumdonoa atakimbilia wapi?"

Hakunijibu, akacheka tu. Mimi nikagawa banda kwa wavu, wageni huku, wenyeji kule. Bakuli za chakula niliziweka pande zote mbili zikigusana na wavu, ili wawe wanakula wakitazamana. Siku ya kwanza tetea wangu mweusi, ambaye ndiye mkubwa wa banda, hakula kabisa. Alitembea kandokando ya wavu kwenda na kurudi, manyoya ya shingo yamesimama kama ufagio. Siku ya nne alikuwa anadonoa mara mbili, anainua kichwa, anawatazama, anainama tena. Siku ya tisa alikula mpaka akamaliza bila kuinua kichwa. Hapo ndipo nilipowaruhusu kukutana. Angechukua siku kumi na tano ningesubiri kumi na tano.

Chakula kilinisumbua kidogo. Cha kuku watagao kina chokaa nyingi, na mtetea ambaye hajaanza kutaga akikila muda mrefu figo zinaumia. Niliwapa wote cha kukuzia, kisha maganda ya mayai yaliyosagwa nikayaweka kwenye kopo la pembeni. Anayetaga huyafuata mwenyewe.

Niliwakutanisha uani saa kumi na moja jioni, si bandani. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, embe zimeanza kuanguka, na kuku akipata embe lililopasuka hana muda wa ugomvi. Nilitawanya pumba sehemu tatu zilizo mbalimbali, nikaegemeza bati ukutani na kurundika matawi, yawe maficho. Nikakaa kwenye kigoda na fimbo. Walidonoana, tena sana. Wakubwa waliwafukuza wadogo mpaka nyuma ya choo. Nilijikaza nisiingilie, kwa sababu lazima wapangane nani mkubwa na nani mdogo. Mpaka wangu ulikuwa damu.

Damu ilitoka siku ya tatu. Mtetea mwekundu alichanwa kilemba, na kuku wakiona wekundu hawaachi, watarudi palepale mpaka watoboe. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikampaka GV, dawa ya vidonda, kichwa kizima mpaka akawa zambarau. Dawa inakausha kidonda, na rangi inaficha damu. Nikamweka stoo siku mbili na mwenzake mmoja, asirudi akiwa mgeni tena.

Aliyemchana alikuwa yule mweusi. Kwake nilifanya kinyume: nilimtoa yeye, nikamfungia peke yake siku nne. Aliporudi alikuta nafasi yake juu ya fito imeshachukuliwa na tetea wa madoa, akaanza kutafuta pa kusimama kama mtu aliyechelewa msibani. Tangu hapo hajamwaga damu ya mtu.

Kuwalaza pamoja nilifuata ushauri wa bibi, na alikuwa sahihi. Giza likiingia kabisa kuku haoni vizuri, basi niliwabeba mitetea mmoja mmoja nikawapandisha kwenye fito katikati ya wakubwa. Walishtuka kidogo, wakatulia. Alfajiri nilikuwa nimesimama mlangoni kabla ya jogoo kushuka, nikafungua mapema wasibanane.

Sasa ni wiki ya saba. Watano wanakula na wakubwa. Mwekundu bado anasubiri wote waondoke ndipo aje, na mimi bado namwekea bakuli lake nyuma ya mwembe, asubuhi na jioni.