Prohibir, wiki ya tatu: ile -si- imetoka mdomoni

Jana usiku nimerekodi voisi ya dakika mbili, nimetumia prohibir, yaani kukataza kwa Kihispania, mara nane na sijakosea hata moja, nimeisikiliza mara tatu kuhakikisha. Jamani nimefurahi.

Mnyambuliko haukuwa shida. Prohíbo, prohíbes, prohíbe, prohíben, alama ya mkazo iko juu ya í kwa sababu h haitamkwi, o na i zinagusana na bila alama zingesomwa silabi moja. Hiyo siku ya pili nilikuwa nayo.

Kilichonitesa ni -si- yetu. Sisi tunasema "mama amenikataza nisitoke usiku", unakataza halafu unakanusha tena na sikio halilalamiki kabisa. Nikaibeba vilevile: mi madre me prohíbe que no salga. Salga, yaani nitoke, iko sawa, kila kitu kiko sawa, ila maana imegeuka, mama kanikataza kubaki ndani! Mwenzangu wa mazoezi, mtu wa Valencia, akaniuliza taratibu, "¿te obliga a salir?" Anakulazimisha utoke? Hapo ndo nikajua.

Na kujua hakukusaidia, ndo kilichoniudhi zaidi. Nikiandika napatia, nikiongea haraka ile "no" ya kukanusha inaponyoka. Nikatengeneza kadi arobaini kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri, zote nazijibu vizuri, nikifungua mdomo yaleyale. Anki naipenda kwa majina ya vitu, ila kosa la mdomo linataka mdomo, kwa hiyo sasa nafanya kwa voisi tu. Kuna programu nyingine ya simu inakupa maneno uyapange, unapatia bila kufikiri chochote, hiyo nimeifuta.

Dawa nimeipata nikiosha vyombo. Mbona tunasema pia "kanikataza kutoka"? Haina -si- popote! Na Kihispania kinayo hiyohiyo: me prohíbe salir. Basi siku tano sikugusa que, ile "kwamba" yao, kabisa, nikawa nasema me prohíbe salir, te prohíbo entrar (nakukataza kuingia), nos prohibieron fumar (walitukataza kuvuta sigara), mpaka ulimi ukazoea kwamba baada ya prohibir hakuna no. Ndo nikarudisha que polepole, me prohíbe que salga, halafu ya wakati uliopita, me prohibió que saliera, na ile no haikurudi. Mwenzangu akaniambia nyumbani kwao mara nyingi wanasema tu mi madre no me deja salir, mama haniruhusu kutoka, prohibir ina ukali kidogo, nimeiandika pembeni.

Wiki hii nilipanga kuingia impedir (kuzuia) na negar (kukana) lakini nimenasa kwenye vibao. Mwenzangu alinitumia picha ya ukuta, PROHIBIDO FIJAR CARTELES, yaani usibandike matangazo, chini yake RESPONSABLE LA EMPRESA ANUNCIADORA, kampuni inayotangaza ndiyo itawajibika. Nikaanza kutafuta vingine: prohibido el paso (hakuna kupita, paso ni la kiume) lakini prohibida la entrada (hakuna kuingia, entrada ni la kike), neno linafuata jina lake kama sisi na ngeli zetu, hiyo ilinikaa palepale bila kadi. Halafu kimoja cha zamani, SE PROHIBE, yaani imekatazwa, í haina alama. Kumbe kanuni kwamba h ya katikati haizuii alama Real Academia, wasimamizi wa Kihispania sanifu, waliifanya ya lazima mwaka 1959, zamani watu waliandika prohibe hivihivi tu. Au labda mchoraji aliiacha kwa vile ni herufi kubwa, wengi huiacha. Nimemwomba kesho akipita tena aangalie kama ukuta wenyewe una mwaka.