Bili ya mthamini inazidi bei ya kiti

Huku Massachusetts, Marekani, mtu wa kukuandikia karatasi ya thamani ya samani anatoza kwa saa, na saa moja hupita dola 100. Kiti chenyewe, hiki cha kubembea kilichojaa kwenye baraza za wazee, mara nyingi hakifiki hapo. Fundi wa Keko angekipindua, akakigonga mara mbili, akakutajia na mti wake, ukamwachia ya soda. Basi kipindue mwenyewe kwanza.

Anzia matao mawili ya chini, zile mbao zilizopinda ambazo kiti hubembea juu yake. Yakiwa ya tangu mwanzo yameliwa katikati, na ulaji unafifia kuelekea nchani. Kingo zikiwa bado kali, yamebadilishwa. Tena vipo viti vya kawaida vilivyokatwa miguu na kuvishwa matao baadaye: pau za kuunganisha miguu zinakaribia kugusa matao. Hapo bei inaporomoka.

Skrubu za kichwa cha msalaba ziliingia sokoni miaka ya 1930. Ukizikuta, ama kiti si cha karne ya 19 ama kimepita kwa fundi. Tazama kama tundu lina alama ya skrubu nyingine. Kisha shika kalipa, kifaa cha kupimia unene, pima mguu uliokerezwa pande mbili. Mbao ikikaa miaka mingi hainywei sawa pande zote, kwa hiyo duara hugeuka kidogo kuwa yai. Muuzaji akisema "cha 1840" na mguu ni duara kamili, punguza imani.

Mitindo sasa. Mtindo wa Boston una kikalio cha wimbi, kimeinuka nyuma na kushuka mbele, na ubao wa juu wenye matunda ya rangi ya dhahabu. Jina la Hitchcock, mtengenezaji viti wa karne ya 19, likiwa nyuma ya kikalio usishangilie bado: kiwanda kilifufuliwa mwaka 1946, na herufi R ndani ya duara kando ya jina ni ya kizazi hicho kipya. Vya Shaker, jumuiya ya kidini iliyotengeneza samani, wa Mount Lebanon, New York, vina namba 0 hadi 7, saba ndicho kikubwa. Cha Gustav Stickley, mtengenezaji samani wa Kimarekani, ni mwaloni mzito wenye chapa ya bikari na maneno Als Ik Kan. Hicho ndicho cha kumwitia mthamini, hata kwa bei yao ya kukomoa.

Kile cha mwaloni chenye maua yaliyogandamizwa mgongoni kilitoka viwandani kwa maelfu, kwa hiyo umri wake haukuletei pesa.

Mnaojiandaa kuja, mtavikuta vya bure kando ya barabara mwisho wa mwezi, watu wakihama. Chukueni, ila chunguzeni kunguni kwenye viungio. Na msasa msiuguse: rangi ya zamani ikishakwanguliwa, nusu ya thamani imekwenda na vumbi. Bei mnayotafuta mtandaoni iwe ya vilivyokwisha kuuzwa. Anayeomba dola 900 anaweza kuziomba hadi Krismasi ya mwakani.