Nilivyonunua nyumba ya mawe Mkomani: warithi kwanza, boriti pili

Dalali atakutajia bei, ndiyo kazi yake. Mimi sikujadili bei ya nyumba yoyote Lamu kabla ya kujua mambo mawili: ina warithi wangapi, na dari imeshikwa na nini. Nyumba nyingi nilizoziacha niliziacha kwa sababu ya jambo la kwanza, nazo zilikuwa nzuri.

Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kaskazini wa Mji Mkongwe wa Lamu, aghalabu hazijagawanywa tangu mwenyewe alipofariki. Anayekaa ndani na ufunguo mkononi huenda ana fungu dogo kuliko wote. Kwa hiyo niliomba waraka wa mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi, unaotaja kila mrithi na fungu lake. Bila waraka huo hakuna mazungumzo ya pesa.

Hesabu yenyewe ni hivi. Marehemu kaacha mke, wana wa kiume wawili na mabinti watatu. Kwa kuwa kuna watoto, mke hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Zinabaki thumni saba, na mwana wa kiume huhesabiwa mara mbili ya binti: wana wawili ni mafungu manne, mabinti ni matatu, jumla saba. Nyumba ikiuzwa shilingi milioni 8, mjane ana milioni 1, kila binti milioni 1, kila mwana milioni 2. Hapo pepesi. Uzito huja pale mmoja wa wana alipokufa kabla ya kugawana. Fungu lake huingia kwa warithi wake yeye, na ghafla una mjane aliyerudi kwao Faza na watoto wasiotimiza miaka 18. Fungu la mtoto haliuzwi kwa saini ya ami yake, hutakiwa ruhusa ya mahakama. Mrithi aliye Omani au Saudia naye atoe hati ya uwakala iliyoshuhudiwa kisheria huko aliko, kisha isajiliwe Kenya. Ujumbe wa simu wa "mimi nimeridhika" haumfungi mtu.

Malipo niliyagawa kufuata waraka: kila mrithi alipokea fungu lake kupitia wakili na kutia saini peke yake. Ukimpa kaka mkubwa pesa zote awagawie wenzake, umejinunulia kesi ya dada zake.

Uliza pia kama nyumba ni wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya dini au sadaka. Mzee wa mtaa na imamu wa msikiti ulio jirani hujua, na Tume ya Wakfu huthibitisha. Wakfu hauuzwi, hata familia ikikubaliana neno moja. Kisha fanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi za umiliki, kwenye ofisi ya ardhi, maana mwambao una tatizo lake: mtu anaweza kumiliki nyumba huku kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwaka. Nyumba ya namna hiyo inaweza kununuliwa, lakini si kwa bei ya nyumba na kiwanja. Asiye raia wa Kenya hapewi umiliki wa kudumu, atapata ukodishaji usiozidi miaka 99.

Swali ambalo wageni hawaulizi ni la wikio, yaani chumba kilichopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Ni la nani? Na boriti za jirani, je, zimeingia katika ukuta wako? Kama ukuta ni wa pamoja, andikeni makubaliano kabla fundi hajagusa kitu.

Sasa dari. Nilikwenda na fundi wa mawe mzee, bila dalali, baada ya mvua ya masika. Nyumba iliyopakwa chokaa upya mwezi wa Januari haikuonyeshi kitu. Boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari, huoza mwishoni, pale zinapoingia ukutani, kwa sababu maji hutuama hapo na mchwa hufuata unyevu. Tulichoma kila ncha kwa bisibisi: ikizama kama kwenye ndizi mbivu, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati inang'aa. Tuliangalia pia njia za udongo za mchwa kwenye pembe, na unene wa sakafu ya juu. Kila dari inapovuja watu huongeza tabaka jingine la chokaa na kokoto, na uzito huo ndio huja kuvunja boriti zilizokuwa nzima.

Hesabu boriti mbovu chumba kwa chumba. Miti ya mikoko huuzwa kwa korija, yaani 20. Boriti halisi ina kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 13.5 hivi, na ukiuziwa mazio, ambayo ni miti myembamba zaidi, kwa jina la boriti umepunjwa. Ukihitaji 15 nunua korija nzima, maana mingine huwa imepinda. Nunua kwa mwenye leseni ya Huduma ya Misitu. Urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vya Lamu viwe vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, basi usivunje ukuta wa kati ili upate sebule pana.

Saruji ndiyo adui. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu usitoke. Chumvi hujikusanya nyuma yake, jiwe linamung'unyika, na plasta huanguka vipande vipande. Slabu ya zege nayo huzielemea kuta, na mchanga wa bahari hutia kutu nondo zake. Chokaa huchelewa kukauka, mwache fundi afanye polepole.

Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ukarabati unataka idhini ya Makumbusho ya Taifa pamoja na kaunti. Peleka michoro kabla ya kununua vifaa. Na kila kifaa huja kwa chombo na kuishia mgongoni mwa punda. Hata kifusi hulipiwa kutoka. Mwambie fundi aandike uchukuzi kama mstari wake katika makisio. Wengi huuficha.

Malipo ya serikali ni haya: ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini, yaani 320,000 kwa nyumba ya milioni 8, na hulipwa na mnunuzi. Muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida yake, kiwango kilichoanza Januari 2023. Amana ni kawaida asilimia 10, ishikwe na wakili, na mkataba hupewa siku 90 kukamilika. Kwa warithi wengi niliomba muda mrefu zaidi.

Mapato ya kupangisha wageni niliyapiga kwa miezi ya kaskazi na wiki za Maulidi tu. Masika niliihesabu sifuri, kwa sababu nyumba nyingi za wageni hufungwa Mei. Hesabu ikikataa bila masika, punguza bei unayotoa au hamia Langoni, mtaa wa kusini wa mji, ambako mpangaji ni mwalimu au muuguzi anayelipa kila mwezi.