Walisema kijiji chetu kina uhalifu mwingi kuliko mjini, mi nikaikalia ramani ya polisi mwenyewe

Kila nikifungua magrupu yetu ya Wabongo wa Uingereza nakuta mtu kauliza, jamani nimepata kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) sehemu fulani, ni kijijini, usalama upo? Na wanaomjibu ni watu ambao hawajawahi kulala kijijini hata usiku mmoja. Mmoja anatuma skrinshoti ya website inayosema hicho kijiji kina kiwango kikubwa cha uhalifu kuliko mji mkubwa, mwingine anasema huko hakuna polisi utakombwa mchana kweupe. Mi nliambiwa yote hayo kabla hatujahamia Lincolnshire, mashariki mwa England, na nusura niache kazi nzuri na nyumba nzuri ya kupanga kwasababu ya maneno ya watu. Bado inaniuma mpaka leo, ndo maana naandika kirefu.

Kwanza hiyo namba yenyewe. Kiwango cha uhalifu wanakipiga kwa kila watu 1000. Sasa chukua kijiji cha watu 400, kosa moja tu likiandikishwa tayari ni 2.5 kwa elfu. Yakiandikishwa makosa 40 mwaka mzima, hapo ni 100 kwa elfu, na website inakiweka juu ya mji wenye watu laki na ushee na baa zake zote. Alafu wanagawanya kwa wakazi peke yao. Dereva anayepita njia, akasimama akaiba akaondoka, yeye hahesabiwi kwenye watu wa kijiji ila kosa lake linahesabiwa. Hili hakuna aliyeniambia, nimelielewa mwenyewe na kalamu na karatasi, na nikishalielewa nikaanza kuiangalia ile skrinshoti kwa jicho lingine kabisa.

Polisi wa England na Wales wana ramani yao, police.uk, ipo tangu 2011 na ni bure, unaingiza postikodi inakuonyesha makosa ya eneo lile mwezi kwa mwezi. Watu wengi wanafungua mwezi wa mwisho, wanaona namba, wanafunga. Mi nilisubiri watoto walale, nikachemsha chai, nikaanza kufungua mwezi mmoja mmoja kurudi nyuma, na kila nukta naibonyeza nione ni kosa gani. Mume wangu yuko pembeni ananiambia wewe mwanamke si umeshaambiwa na watu wanaokaa huku miaka kumi, nikamwambia hao wamekaa mjini Leicester, wacha nisome.

Na kweli kulikuwa na nukta karibu kabisa na nyumba tuliyotaka kupanga, yaani ilivyokaa ungesema imewekwa mlangoni. Mume wangu akasema haya, unaona sasa? Lakini nilikuwa nimeshasoma maelezo yao, kwamba ile nukta sio nyumba iliyoibiwa. Kwa ajili ya kulinda siri za watu wanaisogeza mpaka sehemu maalum iliyo karibu, mara nyingi katikati ya barabara, na kama sehemu hiyo inabeba nyumba basi lazima zifike angalau 8, hawatumii yenye chache. Mjini nyumba 8 ni hatua chache tu, ila kijijini nyumba zimetawanyika na mashamba, kwahiyo kitu kikiibiwa shambani mwisho kabisa wa njia, nukta inaweza kuja kukaa mbele ya mlango wako. Kubonyeza nikakuta ni wizi mwingine usio wa nyumba wala gari, basi.

Utamu ukaja nilipoanza kuzipanga kwa sehemu badala ya kuzipanga kwa mwezi. Nje ya kijiji inapita barabara kuu, A17, inayokwenda mpaka upande wa Norfolk, na pale pembeni kuna sheli yenye duka. Nukta ya pale ndo ilikuwa imebeba sehemu kubwa ya makosa yote! Wizi wa dukani, wizi mwingine, wizi wa dukani, wizi mwingine, unashuka hivyohivyo mwezi baada ya mwezi. Huo "wizi mwingine" ndo unakoingia mtu kujaza mafuta na kukimbia bila kulipa. Nikamwita mume wangu nikamwambia njoo uone majambazi wa kijiji, ni wapita njia. Ukiitoa sheli, kilichobaki kilikuwa kidogo sana, na mengi ni ya mashambani. Kwenye lile fungu la ukatili na makosa ya kingono, ambalo ndo linatisha watu kuliko yote, ujue ndani yake wanatia mpaka vitisho na kusumbuana ambako hakuna aliyeguswa hata na kidole. Usilipuuze ila usilisome kama kila nukta ni mtu kapigwa.

Jumapili tukaenda kuangalia kwa macho. Barabarani nje ya nyumba moja kuna kiboksi cha mbao, ndani mayai yamepangwa kwenye trei na pembeni kopo la hela limetobolewa juu, hakuna mlinzi, hakuna kamera. Nikalitikisa lile kopo, lina sarafu. Nikatia hela yangu nikachukua mayai, tukarudi kwenye gari, na kwenye gari mume wangu akasema haya tuhamie.

Tukahamia. Sasa nisije nikaeleweka kwamba nasema kijijini hakuna wizi. Upo, ila ni wizi wake, na ule tuliotishiwa sisi sio ndo uliotupata.

Vijiji vingi kule havina bomba la gesi. Nyumba inapashwa moto na boila ya mafuta, na ni mafuta ya taa haya haya tunayoyajua, yanakaa kwenye tenki la plastiki uani. Asubuhi moja ya baridi ile ya kuumiza meno niliamka nyumba imepoa, boila imezima. Kutoka nje nikakuta kifuniko cha tenki kiko chini, majani yamelala pale walipopita, na harufu ya mafuta ya taa kila mahali mpaka kwenye nguo zangu. Walikuja na mpira wakanyonya karibu yote. Hasara ilikuwa kama pauni mia nne na kitu, na bado utajaza upya, na watoto wanakaa na makoti ndani.

Hapo wakaja washauri tena. Nunua kamera, nunua taa kali za sensa zinazojiwasha mtu akipita, mambo yameisha. Tukanunua, na nataka niseme wazi jinsi ile kamera ilivyotuchosha. Ilikuwa ya betri, na kwenye baridi la Januari betri inakata kabla ya wakati. Ikiwa na chaji inapiga alamu simuni usiku kucha, unashtuka moyo unadunda, unafungua ni mbweha. Unalala, inapiga, ni paka wa jirani. Inapiga, ni majani. Mume wangu anatoka kazini usiku anapigiwa alamu yake mwenyewe. Na intaneti ya kule nyuma ya nyumba ni dhaifu, kwahiyo picha inafika imeshaganda, unaona kivuli tu. Alafu kuna sheria, kamera yako ikichukua nje ya mpaka wako, barabara au uani kwa jirani, unaingia kwenye sheria ya kulinda taarifa za watu, inabidi uweke bango na mtu akitaka picha zake umpe. Na ile taa ilikuwa inamulika moja kwa moja chumbani kwa mzee wa jirani, akaja kugonga kwa adabu kabisa kuniomba niigeuze.

Ila kuja kwake ndo kulifungua mlango wa kila kitu. Nikamkaribisha chai, nikamweleza tulivyoibiwa, akaniambia hata yeye aliibiwa mafuta, na mama wa kona naye, na mkulima kaibiwa vifaa vya trekta. Nikauliza mliripoti? Hapana, polisi hawaji. Nilishika kichwa. Maana kama hamripoti, kwenye ramani hakuna kitu, na kama hakuna kitu, anayepanga doria makao makuu atamleta askari wa nini? Mi nlikuwa nimepiga 101, namba ya polisi kwa yasiyo ya dharura, nikasubiri sana kwenye laini lakini nikapata namba ya kosa, na bila hiyo namba bima hawakusikilizi. Ukichoka kusubiri unaweza kuripoti kwenye website ya polisi wa eneo lako. Kinachotokea wakati huohuo ni 999. Na kama unamjua mwizi ila unaogopa, kuna Crimestoppers, 0800 555 111, hawakuulizi jina.

Kwenye nguzo ya taa kulikuwa na stika ya Neighbourhood Watch, ulinzi wa majirani, imepauka mpaka haisomeki vizuri. Mzee akaniambia huo mpango kwa Uingereza ulianzia kijijini, Mollington kule Cheshire, mwaka 1982, na wao walikuwa nao ila waliousimamia walizeeka na wengine wamefariki. Kwa mtu aliyekulia Tanga kwenye mambo ya balozi wa nyumba kumi na ulinzi shirikishi, hilo halihitaji semina. Nikamwambia mzee tuufufue.

Tukaenda kikao cha parish council, hilo ni kama baraza la kijiji, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza na huwa wanatenga muda wa watu kuongea. Nlikuwa Mwafrika peke yangu ukumbini na sikuogopa, nikasimama nikasema nimeibiwa, na nyie mmeibiwa, na kwenye ramani hampo. Yule PCSO wetu, afisa msaidizi wa polisi, alikuwepo siku hiyo akatikisa kichwa kukubali.

Sasa mbinu iliyofanya kazi kweli, na hii ni yangu, najivunia. Magari ya mafuta yalikuwa yanaingia kijijini siku yoyote, kampuni yoyote, kwahiyo ukiona tanka au pikapu yenye matenki nyuma ya nyumba ya mtu hushangai. Nikasema tuagize pamoja. Kampuni nyingi hazileti chini ya lita 500, lakini nyumba nyingi zikiungana bei inashuka na tanka linakuja siku moja kuzungukia wote. Kwahiyo kila mtu anajua siku ya mafuta ni lini, na siku nyingine yoyote gari la matenki likionekana, namba yake inasomwa na kutumwa kwenye grupu la majirani papo hapo. Wazee walikubali kwa ajili ya bei, mi nlikuwa nataka ile siku. Na kila mmoja hajazi tenki mpaka juu, nusu inatosha, na kila wiki anachungulia geji, maana kuna watu walikuwa wanapunguziwa kidogokidogo bila kujua. Kokoto tukamwaga njia ya uani, ukikanyaga inalia. Kufuli zuri la tenki sio bei kubwa, nunua lenye boksi linalofunika kifuniko chote.

Haikupita muda mrefu pikapu ikaonekana jioni, siku isiyo ya mafuta, imesimama kwenye njia ya kanisa taa zimezimwa. Mama wa kona akatoka na mbwa wake akapita polepole, akaisoma namba kwa sauti huku anaongea na simu. Waliwasha wakaondoka bila hata kufunga mlango wa nyuma vizuri. Namba ikaenda polisi. Majirani waliokuwa hawapigi simu kabisa sasa wanashindana kupiga.

Kitu kingine, wakulima wakishavuna, kuanzia vuli mpaka Machi, utaona magari ya 4x4 yameingia mashambani na mbwa wembamba wale wa mbio. Hao wanawinda sungura kwa kuwashindanisha mbwa na kuwekeana dau, na wengi ni watu wakorofi, usiwafuate. Polisi wa Lincolnshire wana operesheni yao kwa ajili hiyo, inaitwa Galileo, na wanataka upige 999 kama unawaona pale pale. Tangu sheria ya 2022 mtu anaweza kufungwa mpaka miezi sita na kupigwa marufuku kufuga mbwa. Natoka zamu usiku, napita kwenye hizo njia peke yangu, kwahiyo hili nimelishika vizuri na dada zangu wa kea mlishike.

Ukiifungua ramani leo kijiji chetu kinaonekana kibaya kuliko mwaka tuliohamia, kwasababu watu wanaripoti. Mi nafurahi. Kwa zile namba PCSO anapita mara nyingi zaidi, na nyumbani kwetu mafuta hayajaguswa tena.

Kuna dada Mkenya yuko kijiji cha pili, naye anafanya kea, anataka tuunganishe oda ya mafuta ili tanka lizunguke vijiji vyote viwili kabla baridi haijaanza. Nimeshaiombea nafasi kwenye kikao kijacho, na nikipata bei nitawaambia.