Kutoka lori la tani 44 hadi Mazda ya kilo 950: siku yangu Snetterton

Kazi yangu ni udereva wa lori. Wiki nzima naburuta tela kati ya bandari ya Felixstowe na maghala ya katikati ya Uingereza, tani hadi 44 mzigo ukijaa, na kidhibiti mwendo kinanifunga kwenye kilomita 90 kwa saa hata nikanyage mafuta mpaka sakafuni. Kwa hiyo jamaa zangu waliposikia nimenunua Mazda MX-5 ya zamani ili nikaikimbize saketini (njia ya mbio, ambako siku fulani watu wa kawaida hulipia kuendesha magari yao wenyewe), walicheka sana. Mke wangu hakucheka. Aliizunguka, akachungulia ndani, akauliza: "Baba Salha, watoto watakaa wapi?"

Ni swali la haki. Gari lina viti viwili tu, turubai juu, na taa zinazochomoza kwenye boneti ukiziwasha. Mazda waliionyesha mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Injini ni ya lita 1.6, imekaa mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na nguvu ni farasi 115. Kijana wa Dar mwenye Subaru ya turbo atakuacha kwenye taa za makutano ya Morocco bila hata kujua kwamba mlikuwa mnashindana. Lakini gari zima ni kama kilo 950. Tairi nyembamba zinatosha, breki ndogo zinatosha, na mafuta yanakwenda mbali. Nimeona magari ya farasi 400 yanamaliza pedi za breki kabla ya chakula cha mchana. Kagari haka kaliondoka nyumbani na tairi nne na kakarudi na zile zile, zikiwa bado na maua.

Nilichagua saketi ya Snetterton, kule Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kandokando ya barabara ya A11. Zamani palikuwa uwanja wa ndege za kivita. Wamarekani walikuwa wakirusha ndege za mabomu za B-17 kutoka hapo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo ardhi ni tambarare, na sehemu nyingi ukitoka nje ya lami unakutana na majani kwanza kabla ya ukuta. Kwa mgeni hilo ni jambo kubwa kuliko sifa zote za saketi. Njia ndefu, iliyofunguliwa mwaka 2011, ina karibu kilomita 4.8.

Maandalizi yalinichukua muda kuliko uendeshaji wenyewe, na pesa nyingi niliziweka kwenye kitu kisichoonekana: mafuta ya breki. Yale ya zamani huwa yamefyonza unyevu. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishaingia maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Barabarani hutajua kamwe. Saketini, ukifunga breki kona baada ya kona, yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na pedali inazama kama hakuna kitu chini yake. Nikamwaga yote, nikatia mapya, nikatoa hewa gurudumu baada ya gurudumu, mwanangu akinikanyagia pedali na kuniuliza kila mara kama tumemaliza.

Kisha nikatoa kila kisichohitajika: tairi la akiba, jeki, mazulia ya miguuni, hata chupa ya maji. Nati za magurudumu nikazikaza kwa spana ya kipimo, na nikazirudia tena mchana. Nguzo ya chuma nyuma ya viti, ya kulinda vichwa gari likipinduka, nililikuta nayo gari, na nisingeenda bila hiyo. Bima za kawaida za barabarani nyingi hazigusi saketi, kwa hiyo nilijiwekea sharti: sipeleki gari ambalo nikilivunja sitalala.

Asubuhi unapimwa kelele kwanza. Gari limesimama, unapandisha mizunguko, mtu ameshika kipima sauti karibu na ekzosi. Kikomo cha siku ile kilikuwa desibeli 105, na sailensa yangu ya kiwandani ilipita bila maneno. Baada ya hapo maelekezo: bendera, mahali pa kupitana (kwenye sehemu zilizonyooka tu, na upande mmoja tu, tena wa mbele akishakuruhusu), halafu hakuna kupima muda. Binamu yangu alinipigia jioni kutoka Tanga: "Kaka, umekuwa wa ngapi?" Hakuna wa ngapi. Si mashindano.

Nililipia mwalimu wa asubuhi, na kama una pesa ya kitu kimoja tu, lipia huyo. Mzee mpole, mikono mapajani. Mizunguko ya kwanza hakusema kitu. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia lori, akasema, "Basi unajua tayari. Mzigo wako leo ni gari lenyewe."

Hapo nikaelewa. Ukishawahi kubeba tangi lililojaa nusu, unajua kwamba ukifunga breki mzigo unakuja mbele, na ukiachia kwa pupa unarudi nyuma kukupiga teke. Mazda ni vivyo hivyo, ila kila kitu kinatokea upesi. Ukifunga breki, uzito unaegemea tairi za mbele nazo zinauma lami. Ukiiachia ghafla huku unakata usukani, mbele panakuwa pepesi na pua inakwenda moja kwa moja. Ukiondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona, uzito unahama nyuma kwenda mbele, na mkia unataka kukupita. Dawa ni ile ile ya lori: mguu usitoke kwa ghafla.

Kona iliyonipa kazi ni ya mwisho, Murrays. Kabla yake unatoka Bomb Hole, shimo la chini ambapo gari linabonyea kwenye springi zake, kisha unaingia Coram, kona ndefu ya kulia isiyotaka kwisha. Shida ni kwamba inakupasa ufunge breki wakati bado unakata kulia, na Murrays inakwenda kushoto. Mwalimu alinifundisha kuliacha gari litanuke mwanzoni mwa Coram, nilikusanye kulirudisha ukingo wa kulia, ninyooshe usukani kwa muda mfupi mno, na ndani ya muda huo ndipo nifunge breki. Unahisi kama unapoteza mwendo. Lakini unatoka Murrays ukiwa umeshakanyaga mafuta, na kwa farasi 115 huwezi kuuazima mwendo popote pengine. Ulichotoka nacho ndicho utakachokwenda nacho kwenye mstari mzima wa mbele ya piti, pale magari yanaposimama kuhudumiwa. Kuna Porsche iliyokuwa ikinipita kwenye kila mstari ulionyooka, na kwenye kila kona naikuta.

Upepo wa tairi uliniendesha mbio zaidi ya Porsche. Mazda wanasema 26 psi tairi zikiwa baridi. Zikichemka zinapanda, gari linaanza kuelea, kwa hiyo kila nikitoka napiga magoti na kipimo, napunguza kidogo, naandika kwa kalamu kwenye mkono. Mzunguko wa mwisho wa kila kipindi ni wa polepole bila breki, upoze diski, na ukipaki usivute hendibreki, acha gia ndani.

Mchana niliendesha peke yangu. Mvua ya Norfolk ilikuja saa tisa, magari mengi makubwa yakaingia kwenye matela yao. Mimi nilibaki mpaka walipoinua bendera, nikafungua turubai, nikarudi nyumbani kwa barabara ya A11, nyuma ya lori.