Taya Linalotoka Mguuni: Siku Moja Katika Chumba cha CT

Nafika kazini Dar es Salaam saa moja kasorobo asubuhi, nawasha mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande kwa eksirei, na kuisubiri ipate joto. Wengi huamini kwamba mtaalamu wa picha hubonyeza kitufe tu, na sijawahi kuwapata waniamini ninapokana. Hadi saa nne napiga vichwa, vifua na matumbo, kazi ya kila siku.

Saa nne na nusu analetwa kijana mwenye ameloblastoma, uvimbe uliokula upande wa kulia wa taya la chini. Madaktari watakata sehemu iliyoharibika na kuijenga upya kwa fibula, mfupa mwembamba wa mguu, ukihamishwa pamoja na ateri zake, mishipa inayouletea damu, na vena zake, inayoirudisha, ambazo zitashonwa kwenye mishipa ya shingo chini ya hadubini. Mzee aliyemsindikiza ananikabidhi CD kutoka hospitali nyingine. Kompyuta ya kwanza inaikataa, ya pili inaisoma baada ya nusu saa, na ndani nakuta picha za vipande vya milimita 5, wakati mimi nahitaji milimita 1 au pungufu, kwa kuwa kwa unene ule taya hutokea na vidato kama ngazi, na vijishipa vinavyopenya kwenda kwenye ngozi havionekani kabisa. Miguu yenyewe haikupigwa.

“Mwanangu, hizi si tulishalipia?” anauliza mzee. Namweleza mara tatu. Bei siipangi mimi, lakini anayekaripiwa ni mimi, na sikuona jibu la kumpa mtu aliyeuza mbuzi ili alipie picha zisizofaa.

Kisha tukasubiri majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, maana hapa kwetu dawa ya ayodini, ile inayodungwa ili mishipa ing’ae kwenye picha, haipewi figo ambazo hazijapimwa. Yalikuja saa tisa, nami sijala. Kwa miguu, muda ndio kila kitu: ukiwahi, mashine huipita dawa kabla haijashuka chini ya goti, ukichelewa, vena nazo hung’aa na kuchanganyika na ateri.

Jioni ile, sikumbuki saa, nikiwa natenganisha mfupa na mishipa rangi kwa rangi, niliona kwamba mguu wa kushoto, ule uliokuwa umepangwa kutolewa mfupa, ateri ya fibula ndiyo iliyokuwa ikilisha unyayo karibu peke yake, kwa sababu ateri nyingine mbili zilikuwa nyembamba mno. Kuichukua ingekuwa kumpa taya na kumnyima unyayo. Mguu wa kulia ulikuwa na ateri zote tatu. Nilimtumia daktari mfano wa pande tatu, akajibu neno moja: “Kulia.”

Nikaiacha printa ikichapa taya la plastiki, ambalo juu yake bamba la titani, chuma cha kuushikilia mfupa mpya, litakunjwa kabla ya siku ya upasuaji. Mzee alikuwa bado kwenye benchi.

“Imetoka?”

“Imetoka, mzee wangu. Tumebadilisha mguu.”

Akauliza kama hilo nalo linalipiwa.