Degedege Marekani: mtoto alipona usiku uleule, bili bado zinaingia

Bahasha ya tatu imeshaingia. Dola 1,480 za gari la wagonjwa. Matibabu hayamo humo, ni gari tu, kutoka kwetu hapa pembezoni mwa Atlanta mpaka hospitali ambayo nikisimama kwenye roshani naziona taa zake. Kwa hela ya nyumbani unanunua pikipiki mpya ya Boxer na mafuta ya kuanzia. Na msije mkafikiri sina bima. Ninayo. Nakatwa kila mshahara kwa ajili yangu, mke wangu na mtoto, na makato yenyewe ukiyaona utadhani narejesha mkopo wa nyumba.

Kisa chote ni degedege. Binti yetu ana miaka mitatu. Homa ilimpanda usiku ghafla, macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Mama yake alishapiga 911 wakati mimi bado natafuta viatu. Wale vijana wa gari walifika upesi, wakampima sukari, wakamvalisha oksijeni, na tunaingia hospitali mtoto ameshaanza kulia na kumwita bibi yake, yule anayemwona kwenye simu tu. Daktari akamwangalia masikio, akasema homa inatoka humo, na kwamba degedege la homa kwa watoto wa umri huu mara nyingi huisha lenyewe bila madhara. Akapewa dawa ya maji ya kushusha homa na barafu ya kulamba ya rangi ya zambarau. Tukawekwa saa chache za kumwangalia, tukarudi nyumbani. Hakulazwa wala hakuchomwa sindano.

Sasa bili. Kwanza ilikuja barua ya bima, juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii si bili. Nikashusha pumzi. Baada ya wiki kadhaa ikaja bili yenyewe. Hospitali iliandika dola 6,215. Bima ikasema hapana, kwa mkataba wetu na ninyi ni 2,640. Nikafurahi, nikamwambia mke wangu unaona sasa faida ya bima. Kumbe hiyo 2,640 ni yangu. Kwenye bima ya kazini kwangu lazima kwanza mfuko wangu utoe dola 4,000 ndani ya mwaka, ndipo wao waanze kuchangia. Ikaja ya pili, dola 512, ya daktari. Nikapiga simu kuuliza, huyo daktari si wa hospitali yenu? Nikajibiwa kuwa madaktari wa dharura wapo chini ya kampuni nyingine, wanatoza kivyao. Kisha hii ya gari. Gari nalo halimo kwenye orodha ya bima yangu, kama vile baba mwenye mtoto anayetetemeka mikononi angeliuliza lina mkataba na nani kabla ya kupanda.

Kuna sheria ya nchi nzima iliyoanza Januari 2022, ya kuwakinga wagonjwa na bili za kushtukiza. Inamzuia daktari wa dharura asiye kwenye orodha ya bima yako asikutoze zaidi ya unavyotozwa kwa aliyemo. Helikopta ya wagonjwa imo. Gari la wagonjwa la barabarani waliliacha nje. Ukitoka na helikopta una kinga, ukitoka na gari kama watu wote, jitetee. Sijui nani alikaa na kalamu akaona hilo ni sawa.

Lakini hata hizo hela sizo zinazoniuma zaidi. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyejua bei. Usiku ule, mtoto alipotulia, nilimuuliza dada wa mapokezi hii itakuwa kiasi gani. Akanijibu kwa upole kabisa, inategemea bima yako. Kesho yake nikapiga bima, wakasema inategemea hospitali watakavyoandika. Nikarudi hospitali, wakasema subiri bima. Mimi nimekulia Tanga, mama yangu alikuwa anauza samaki, hajawahi kumfungia mtu samaki kwenye gazeti kisha akamwambia nenda, bei utaletewa mwezi ujao.

Sasa nisije nikaonekana natukana tu. Usiku ule hakuna aliyeniuliza hela. Hata jina la bima waliniuliza baadaye sana, yule dada wa mapokezi alikuja na kompyuta yake ya magurudumu mpaka kitandani, mtoto akiwa ameshalala. Hiyo nayo ni sheria, ya mwaka 1986: hospitali yenye kitengo cha dharura lazima ikupime na ikutulize, uwe na hela usiwe nayo, uwe na karatasi usiwe nazo. Na hapo ndipo nikikumbuka nyumbani ulimi unakuwa mzito.

Maana nyumbani bei unaijua. Unaijua mapema mno. Binamu yangu alimpeleka mwanawe na degedege hilohilo, la malaria. Baba mtu yuko dirishani amepanga foleni na elfu kumi mkononi, mama yuko ndani amemkumbatia mtoto, nesi anasema kalipie kwanza mje na risiti. Akalipa. Wakamwandikia dripu na glavu akanunue duka la nje maana ndani zimeisha. Akanunua. Na sera inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure! Ipo imebandikwa ukutani, karibu na dirisha. Yule mtoto alipona, alhamdulillah, lakini kila mtu anayesoma hapa anamjua ambaye hakupona. Na tunajua pia habari za maiti kugombewa mochwari mpaka ukoo uchangishane.

Niliposimulia kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, dada yangu wa Leicester, Uingereza, alituma ujumbe wa sauti. Dada huyu ana kiburi na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, utafikiri aliianzisha yeye na waziri Aneurin Bevan mwaka 1948. "Kaka, pole sana. Ila hiyo nchi yako mbona inawafanya wagonjwa wateja? Mimi wanangu wawili nimewazaa hapa, sikutoa hata senti. Dawa za watoto bure. Ambulensi sijawahi kusikia inaletewa bili." Na hasemi uongo. England dawa za mtu mzima ni paundi 9.90 kwa kila aina unayoandikiwa, Scotland na Wales hata hiyo hawatoi. Mashine ya gharama kubwa na kidonge cha presha, vyote vinatoka kwenye kodi.

Nikamwacha amalize kisha nikamuuliza, dada, shemeji ngiri yake vipi? Kimya.

Shemeji ana ngiri. Anafanya kazi ghalani, kunyanyua maboksi. GP, yaani daktari wa mtaani kwao, alimwona, akamwandikia rufaa, daktari wa upasuaji akathibitisha, akawekwa kwenye orodha, na mwaka umepita na ushee. Lengo lao rasmi ni wiki 18 tangu rufaa. Orodha ya kusubiri ya England ilivuka milioni 7 mwaka 2022, ikazidi kupanda mpaka 2023, na tangu hapo inashuka kwa kusuasua. Ngiri isiyobana si dharura, kwa hiyo anayevunjika nyonga anampita, mwenye saratani anampita, na ni haki wampite. Ila kazini wamemhamishia kwenye kubandika lebo, zamu za usiku zenye malipo mazuri hapati tena. Ukizijumlisha zile zamu alizokosa, nadhani anakaribia bili yangu. Dada hataki kuipiga hiyo hesabu, na mimi ndugu yake nikiipiga ananiambia nimekuwa Mmarekani.

Na hata hiyo bure ina mlango wake. Dada aliingia kwa viza ya wafanyakazi wa afya na matunzo, wale wamesamehewa. Mtu wa viza nyingine ya kazi analipa tozo ya afya paundi 1,035 kwa mwaka, mwanafunzi na mtoto 776, na unailipa yote kwa mkupuo, miaka yote ya viza, kabla hujapanda ndege. Baba, mama na watoto wawili kwa miaka mitatu, chukua kikokotoo. Kisha ukifika kazini unakatwa kodi ileile inayoendesha hospitali. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Uingereza matibabu bure, muulize aliingia na viza gani. Muulize na meno, dada ametafuta daktari wa meno wa NHS anayepokea wagonjwa wapya mpaka akachoka. Akija likizo Dar anaziba yote kwa mkupuo.

Ubishi huu si mpya kwetu, ndiyo maana nashangaa tunavyouona kama wa Wazungu. Tanzania mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Matibabu yakawa ya umma, bure, na wazee wetu wanakumbuka vizuri zahanati zilizokuwa karibu, na wanakumbuka pia rafu tupu za dawa miaka ya themanini. Binafsi zikaruhusiwa tena 1991, kuchangia gharama kukaja 1993, ndipo dirisha la malipo likazaliwa. Machi 2024 hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikasimamisha kadi za NHIF, bima yetu ya afya ya taifa, kwa kugombania bei mpya, na mwalimu aliyekatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi akasimama getini na kadi yake kama mimi na gari langu lisilo kwenye orodha. Mkenya ninayefanya naye kazi anasema kwao NHIF yao ilizikwa Oktoba 2024, ikaja SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, na makato ya asilimia 2.75, na mama yake bado anaulizwa hela taslimu.

Ila kitu kimoja kadi yetu ya Tanzania iliwashinda hawa wote: mwajiriwa aliweza kumwingiza mzazi kama mtegemezi. Hapa jaribu. Mnaopanga kuwaleta mama zenu kutembea, sikilizeni vizuri. Bima za wageni za huku kwa kawaida hazigusi ugonjwa aliokuja nao. Presha, sukari, vyote vya kwake. Uingereza, mgeni akilazwa hospitali anatozwa moja na nusu ya gharama ya NHS. Mama apimwe kabla ya safari, abebe dawa za kumtosha na cheti cha daktari, na asikae hata siku moja bila bima ya safari.

Na mnaokuja Marekani, ya kwangu ni haya. Bahasha ya kwanza usilipe. Omba mchanganuo wa kila kitu walichokutoza, kimojakimoja, ulinganishe na ile barua ya bima isiyo bili. Homa ya kawaida usikimbilie kitengo cha dharura, kuna vile vituo vya huduma ya haraka mitaani, na nyuma ya kadi yako kuna namba ya nesi wa kuuliza saa 24. Huna bima? Tafuta kituo cha afya cha jamii kinachopewa fedha na serikali kuu, wanakutoza kulingana na kipato na hawakufukuzi. Degedege, kifua kubana, kupooza upande mmoja, hapo piga 911, bili utapambana nayo ukiwa hai.

Ila lililonisaidia kweli nililisikia kwa mama mmoja wa kitengo cha bili, Mmarekani mweusi, sauti ya kizee. Nilikuwa nafoka, akaniacha nifoke. Kisha akasema taratibu, mwanangu, omba fomu ya msaada wa kifedha, ijaze leo, na weka hati za mshahara za nyote wawili. Hospitali zisizo za faida, na nyingi hapa zimesajiliwa hivyo, zinalazimika kwa sheria ya mwaka 2010 kuwa na huo mpango kwa maandishi. Hawaitangazi kama wanavyotangaza mashine zao barabarani. Kwa Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, mishahara yetu miwili ilikuwa imeshavuka mstari, lakini kwa fomu ile haikuvuka: ile 2,640 imeshuka hadi 790. Ya daktari nimelipa. Ya gari bado tunavutana, wamekubali dola 60 kwa mwezi na mimi nimewaandikia kuomba punguzo. Wenyeji wengine wakifikia hapa wanafungua ukurasa wa GoFundMe, wanaweka picha ya mgonjwa na kuomba michango. Sisi tunaoambiwa tunapenda michango!

Shemeji amechoka kusubiri. Wiki iliyopita aliandikia hospitali moja ya binafsi Dar kwa WhatsApp, na kabla ya jua kuzama wakamjibu: upasuaji, usingizi, kitanda, dawa, jumla kiasi kadhaa, tarehe hii au ile, chagua. Akalinganisha na tikiti ya ndege, akaona bado ni nafuu kuliko bei aliyopewa na hospitali ya binafsi ya Leicester. Anaondoka mwezi ujao. Dada anamsindikiza mpaka uwanja wa ndege huku amenuna, anasema ni kuisaliti NHS. Nimemwambia anune tu. Shemeji akirudi, mshono ukileta usaha, atakwenda kitengo cha dharura cha Leicester, atakaa kwenye kiti saa nyingi, na watamsafisha kidonda bila kumuuliza nani alikishona.